Ndege ya Milingoti ya Mkonge

Mkonge huchanua mara moja tu maishani mwake, kisha hufa. Mlingoti unaobaki huweza kufikia kimo cha meta 5 na zaidi, nao ukikauka huwa mwepesi hata mtoto mdogo huubeba begani bila taabu. Hapa Rudewa, wilayani Kilosa, penye mashamba ya mkonge, milingoti haina uhaba. Mimi niliitaka kwa kuundia ndege.

Waundaji wa ndege kubwa za mfano, zile ziendazo kwa injini ndogo ya petroli na kuongozwa kwa redio kutoka ardhini, hupenda mti mwepesi uitwao balsa. Mlingoti wetu unaufuata kwa karibu. Injini na redio hatukuwa navyo, wala sikuvitafuta kwanza. Nia yangu ilikuwa kufundisha urari, mada ambayo wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wameikariri kwa ufasaha pasipo kuielewa.

Tuliunda mwili wa sentimeta 110, bawa la sentimeta 160 lenye upana wa sentimeta 24, na mkia. Bawa tulilivika magazeti yaliyopakwa uji wa muhogo. Nawasihi walimu wanafunzi waliangalie jambo hili: bawa hatukuligandisha mwilini kwa gundi, bali tulilifunga kwa kamba, ili liweze kusogezwa. Kitu kilichogandishwa hakina tena swali ndani yake.

Kanuni yasema kwamba ndege ya namna hii yapasa kukaa sawa ikiegemezwa chini ya bawa, mahali palipo kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa ndege yetu, sentimeta 6 hadi 8. Kanuni hiyo nilikuwa nayo mfukoni, nami niliinyamazia. Wavulana walilifunga bawa katikati ya mwili. Tulipoirusha kutoka juu ya kichuguu, ndege iliinua pua, ikasimama hewani kama iliyosahau jambo, ikaangukia mkia.

Binti mmoja, ambaye muhula mzima hakuwahi kunyosha kidole, aliiokota, akaiegemeza juu ya ncha za vidole viwili. Mkia ukashuka.

"Mwalimu, pua yake ni nyepesi. Tuitie udongo."

"Tunataka iruke, wewe unataka kuitwisha mzigo?" akauliza mvulana mmoja, na darasa likacheka. Mabishano yakala kipindi kizima. Udongo ulipozidi, ndege ilichoma ardhi kwa pua. Ulipopunguzwa kidogo kidogo, iliteleza hewani hadi ng'ambo ya uwanja wa mpira. Ndipo nilipoitoa kanuni, nao wakapima kwa rula: sentimeta 7.

Mwalimu mwenzangu aliniuliza vipindi vitatu hivyo vitalipwa na nini, ilhali mtihani wa darasa la saba hausubiri. Swali lake ni la haki. Sina alama za kumwonyesha. Ninaye binti yule, ambaye sasa hubisha na kitabu cha hisabati.

Wengine walinilaumu kwa kukosa injini. Samuel Langley wa Marekani alirusha ndege ya mfano yenye injini ya petroli mwaka 1901, lakini ndege yake kubwa ya kubeba mtu ilianguka mtoni mara mbili mwaka 1903. Ndugu Wright, waliokuwa wamejifunza urari kwa miaka mitatu juu ya ndege zisizo na injini, waliruka siku tisa baada ya anguko lake la pili. Tena rafadha ya injini ya petroli hukata vidole. Si kitu cha kukabidhi darasa la watoto hamsini.

Hata hivyo watoto waliitaka. Niliwaambia kwamba injini hukaa puani, na kwamba hata iliyo ndogo ya petroli huweza kuzidi nusu kilo. Waliubandua udongo, wakaupeleka dukani kupimwa: gramu 180. Waliporudi hawakuniuliza neno. Binti alikuwa amekwisha kuzifungua kamba za bawa, na wavulana wakibishana naye ni sentimeta ngapi lisogezwe mbele.