Kobe wa Jikoni

Utamaduni unapotajwa, aghalabu fikira za watu hukimbilia ngoma, mavazi, mashairi na habari za mashujaa. Sisi tuliolelewa Usoke, kando ya reli iendayo Kigoma, tulifundishwa hivyo hivyo. Tulizijua habari za Mtemi Mirambo na za misafara ya pembe za ndovu, lakini hatukupata kujiuliza ni ujuzi gani uliokuwamo katika kile kitu tulichosugulia masufuria nyumbani kwetu. Makala haya yanahusu kitu hicho. Ni kitu kidogo, nasi tunakiandikia kwa haya, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele.

Bibi yetu alikuwa fundi wa kufuma. Sindano yake ya kulabu aliitengeneza mwenyewe kwa spoki ya baiskeli. Ncha yake aliipinda, kisha akaisugua juu ya jiwe mpaka ikawa laini. Wanawake wenzake walifuma vitambaa vyeupe vya kutandika mezani na juu ya viti, navyo vilisifiwa na kila mgeni aliyekaribishwa. Bibi naye alivifuma. Lakini kamba za katani zilizobaki baada ya kufunga marobota ya tumbaku hakuzitupa. Alizifuma kuwa wanyama wa kuoshea vyombo: kobe wa masufuria, bata wa sahani na samaki wa vikombe.

Maumbo hayo hayakuwa mchezo mtupu. Alianza na vitanzi vitano, akaviunganisha kuwa duara, kisha akazunguka na kuzunguka akiongeza vitanzi, mpaka duara likaenea kiganja cha mtoto. Hilo ndilo gamba la kobe. Juu ya gamba aliacha vifundo vijitokeze kwa makusudi, maana vifundo ndivyo vilivyong'oa ukoko wa ugali. Kichwa kilipenya pale chini ambapo ukingo wa sufuria hukutana na kitako chake. Miguu minne ilishikwa kwa vidole ili mkono usiteleze, na mkia ulipindwa kuwa tanzi la kutundikia msumarini. Samaki alifumwa mwembamba ili aingie kikombeni. Mguu wa kobe ulipochakaa, bibi aliufumua akaufuma upya. Kila baada ya kazi wanyama wale walisuuzwa, wakakamuliwa, wakaanikwa juani, kwa kuwa kitu cha kuoshea vyombo kikikaa na majimaji hunuka na kuzaa vijidudu. Na sisi watoto, ambao kwa kawaida tulitoroka zamu ya vyombo, tuligombania nani amshike kobe.

Tulipopata nafasi katika shule ya bweni, macho yetu yalibadilika. Likizo moja tulirudi nyumbani pamoja na rafiki wa mjini. Kabla hajafika jikoni, tulimtoa kobe msumarini, tukamtupa katika shimo la taka, na mahali pake tukaweka sifongo ya rangi tuliyoinunua dukani. Bibi aliona. Hakutugombeza. Aliuliza tu kama kobe alikuwa ametoboka. Hatukumjibu. Ile sifongo haikumaliza mwezi, ikakatikakatika. Bibi hakufuma kobe mwingine tena. Aliendelea kufuma vitambaa vya mezani, vile ambavyo wajukuu wake hawakuvionea haya.

Bibi amekwisha fariki. Vitambaa vyake tunavyo, vimekunjwa sandukuni. Kobe hatunaye hata mmoja. Tulipojaribu kumfuma, duara letu lilijikunja likawa kama bakuli, kwa sababu hatukujua ni katika mzunguko upi vitanzi viongezwe, na ni vingapi. Ujuzi huo ulikuwa vidoleni mwake, nasi ndio tuliouambia hautakiwi.

Huenda msomaji akauliza: je, kufuma kwa kulabu ni utamaduni wetu hasa? Sindano hiyo si ya mababu zetu. Katani nayo ni ngeni. Ililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Lakini kufuma kwenyewe si kugeni katika Unyamwezi. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, nchi hii ilikuwa na wafumaji wa nguo za pamba waliotumia vitanda vyao vya kufumia. Misafara hiyo hiyo iliyobeba pembe kwenda pwani ilirudi na shehena za merikani, nguo ya viwandani iliyochukua jina lake kutoka Marekani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, bidhaa za namna hiyo zikawa nyingi zaidi. Vitanda vya kufumia vikanyamaza. Neno "kufuma" halikufa. Mikono ya wanawake ililichukua na kulipa kazi mpya, kwa sindano mpya na uzi mpya. Taifa halipungukiwi kwa kupokea chombo cha mgeni. Hupungukiwa pale linapokionea haya kile ambacho mikono yake imekifanya kwa chombo hicho.

Wako wenzetu waliofanya vingine. Huko Japani, tangu mwaka 1907, huuzwa burashi ya kusugulia iliyotengenezwa kwa nyuzi za mimea, nayo huitwa Kamenoko Tawashi; maana ya "kamenoko" ni mtoto wa kobe. Jina hilo lilitokana na umbo lake. Hata leo Wajapani hufuma kwa kulabu vitu vya kuoshea vyombo vyenye sura za wanyama na matunda, wakavitoa kama zawadi. Tuliposoma habari hizo tulimkumbuka bibi na lile shimo la taka. Kobe aliyeheshimiwa Tokyo alikuwa na ndugu yake Usoke, nasi tukamtupa.

Yatupasa basi sisi walimu, tunapofundisha sanaa au sayansi kimu, tusiishie katika vitambaa vya kupamba sebule. Kazi ya mkono isiyofika jikoni imewaheshimu wageni ikawasahau wenyeji. Nanyi vijana, mrudipo likizoni, ulizeni ni nani nyumbani kwenu ajuaye kufuma, kusuka ukili au kufinyanga, mkaketi karibu naye na kuhesabu pamoja naye. Andikeni hesabu ya vitanzi kama mnavyoandika hesabu za darasani. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Aghalabu methali hiyo husemwa mbele ya ngoma na mavazi rasmi. Sisi tungependa isemwe pia mbele ya karo la vyombo, penye sufuria lenye ukoko na msumari ambao siku hizi hautundikwi kitu.