Rafu ya Vichezeo

Mjini Njombe, ambako baridi ya Juni huwafanya watu wavae makoti mchana kutwa, yuko mwalimu mstaafu akusanyaye vichezeo. Havitaki vya dukani. Kitu cha dukani, kwa maoni yake, hakina mwenyewe. Hutafuta gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa katika kandambili kuukuu, basi la kopo la samaki, au mtoto wa gunzi aliyefungwa kitambaa kama kanga. Kila kimoja hukipata kwa mtoto aliyekiunda, kwa bei ya daftari mbili au tatu.

Majirani humcheka. Mtu mzima akikusanya stempu huitwa mstaarabu. Akikusanya vichezeo hudhaniwa amerudi utotoni. Hukumu hiyo haina haki. Huko London, jumba zima la Bethnal Green lilifanywa makumbusho ya utoto mwaka 1974, wala hakuna aliyesema kuwa mji ule umerukwa na akili.

Lakini mtoto mwenyewe hakithamini hivyo kichezeo chake. Huko Makambako, mahali barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, mvulana mmoja alimwuzia mwalimu lori zuri lenye fimbo ndefu na usukani. Basi la kurudi Njombe halijaondoka, mvulana alikwisha kaa chini ananyoosha waya wa lori jingine. Utamu wake ulikuwa katika kuunda na kuendesha. Lori lililowekwa rafuni, kwake, ni lori lililokufa. Mwalimu alilijua hilo, naye alilinunua.

Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Mwalimu alikuwa mvulana wakati huo. Mdogo wake alipelekwa Makambako akaiona treni, akarudi nyumbani hasemi neno, na baada ya siku mbili alikuwa na treni yake: makopo matano ya samaki yaliyounganishwa kwa kamba za miwati. Jioni moja mbuzi waliingia katika mahindi. Kaka mtu, aliyekwisha kukemewa na baba, aliikanyaga treni ile kwa hasira. Mdogo hakulia. Alitafuta jiwe, akayanyoosha makopo moja moja mpaka giza likaingia.

Mwaka uliofuata surua ilimchukua. Treni haikuwekwa na mtu. Nani angeweka makopo yaliyobonyea?

Rafuni leo mna malori, mabasi, hata ndege ya matete. Treni hamna. Mara mbili watoto wa Makambako wamemletea mwalimu treni za makopo. Mara zote mbili ameishika, ameigeuza akatazama kamba zake, kisha amempa mtoto fedha na kumrudishia treni yake.