Kwa nini sishushi bei ya mikufu yangu



Kila mara mkutano ukiisha, wengine wenu mnaniuliza kwa nini nakataa kushusha bei ya mikufu ya karatasi, na makuta yamekuwa haba hivi. Nimeomba nafasi juma hili niwajibu wote pamoja.

Kazi hii ninaifanya nyumbani, jioni, watoto wakisha kula. Mali yake ni kalenda za zamani na magazeti yenye rangi. Ninakata karatasi kwa umbo la pembe tatu ndefu, sentimeta 2 upande mpana, urefu wa ukurasa. Ninaizungusha kwenye sindano nene kuanzia upande mpana, nabana sana, halafu ncha naipaka gundi. Huo ni ushanga mmoja. Mkufu mmoja unaomba shanga kama 60.

Mpaka hapo hata mtoto wa miaka kumi anaweza. Kazi yenyewe ni kumalizia. Ushanga usiopakwa verni unalainika kwa jasho na kwa mvua yetu ya Goma, na rangi inachafua kola ya nguo. Kwa hiyo kila ushanga nauchoma kwenye kijiti, vijiti navisimamisha kwenye kipande cha godoro kuukuu, napaka verni mara tatu. Kila mara nasubiri ikauke kabisa kabla ya kurudia. Kisha napitisha sindano kwenye tundu, maana verni huliziba.

Kukausha kuna shida yake. Nje, vumbi jeusi la volkano linashika kwenye verni na ushanga unakuwa na mikwaruzo kama jiwe. Ndani, nyumba yetu ya mbao ni ndogo na harufu ile inaumiza kichwa cha watoto. Mimi ninapaka chini ya baraza, mbali na mbabula, kwa sababu verni inawaka moto upesi, kisha nafunika na chandarua cha zamani. Mwishoni natunga kwa uzi wa nailoni, nafunga fundo mara mbili, na kulificha ndani ya ushanga wa mwisho.

Sasa tuhesabu. Gundi, verni, uzi na kifungio vinanikula kama dola 1 kwa kila mkufu. Mikono yangu inatoa saa tatu. Ninauza dola 5.

Mwanzo wa 2025, mabenki ya mji yalipofunga milango na wageni wengi wa mashirika wakaondoka, nilibaki na mikufu 20 na deni la shule la binti yangu. Mfanyabiashara mmoja akaja, akataka yote kwa dola 2 kila mmoja. Dola 40 mkononi, siku ile ile! Usiku sikulala. Lakini nilipotoa gharama, zilibaki dola 20 kwa saa 60 za kazi. Na kesho yake angesema bei ni 2, kwangu na kwa kila mama anayefanya kazi hii.

Nilikataa. Nilikwenda shuleni, nikaomba kulipa kidogo kidogo, wakakubali. Mikufu niliipeleka kwenye arusi na kwa mama washonaji, kila mmoja avae na kitenge chake. Juma la kwanza niliuza 3. Baada ya majuma matano nilikuwa nimeuza 13, dola 65, na deni likaisha. Yale majuma yalikuwa magumu, tulikula sombe na bugali bila samaki siku nyingi. Siwafichi.

Nilichojifunza ni hiki: anayenunua kwa huruma ananunua mara moja. Anayenunua kwa sababu mkufu ni mzuri na haukatiki anarudi, tena analeta shemeji yake. Mafundo na verni ndivyo vinamrudisha.

Kwa hiyo, wamama, kabla ya kutaja bei ya kitu chochote mlichofanya, kiwe kikapu, sabuni au keki, andikeni kwanza gharama, kisha saa. Anayetaka kujifunza shanga aje mkutano ujao na kalenda ya zamani, makasi na sindano nene. Verni ya kuanzia nitaleta mimi.

Mbaki na amani.