Kabari, Kanieneo na Neno "Kaa"

Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini ukumbi huu ulinyamaza tangu Agosti hadi Desemba. Sikuwa mgonjwa, wala wino haukunikaukia. Nilikuwa nyuma ya nyumba, grisi imenifika viwikoni, nikifufua mashine kuukuu ya kuchanjia kuni. Leo nawaletea nilichokiokota huko, kwa kuwa sehemu yake kubwa inaihusu lugha kuliko chuma.

Ninaishi katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, ambako majira ya baridi hubisha hodi mapema na huondoka kwa kusitasita. Nyumba nyingi za mashambani huku hupashwa moto kwa kuni, nasi tumo. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na miti mitano mikubwa ya jamii ya Fraxinus, ambayo wenyeji huiita ash. Yupo mbawakawa mdogo wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na hapa Maine mwaka 2018, ambaye viwavi wake hula chini ya gome mpaka mti ukafa umesimama. Miti yetu ilikufa hivyo. Tuliikata, tukabaki na rundo la magogo yenye mafundo ambayo shoka langu liliyagonga na kurudi kama linalocheka. Bega langu la kulia halikucheka.

Jirani yetu, bibi mjane, alikuwa na mashine ya marehemu mumewe iliyolala bandani miaka mingi. Alinipa kwa sharti moja: nikiifufua, nimchanjie kuni zake kila vuli. Nilikubali kabla sijaifunua turubai. Nilipoifunua, nilijuta kidogo.

Niwaeleze ilivyo. Ni boriti nene ya chuma juu ya magurudumu mawili. Ncha moja ya boriti imechomelewa kabari. Ncha nyingine ina silinda ndefu yenye pistoni, na mwishoni mwa fimbo ya pistoni pana bamba la kulisukuma gogo likutane na kabari. Pembeni kuna injini ndogo ya petroli, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba, inayozungusha pampu. Pampu huvuta mafuta kutoka tangini, huyapitisha katika vali yenye mkono, na vali huyapeleka upande huu au ule wa silinda. Basi. Hakuna uchawi ndani yake. Lakini kila nilichokitaja kilikuwa kimekufa kwa namna yake: kabureta limezibwa na petroli iliyogeuka gundi, mipira ya mafuta imepasuka kama nyayo za kiangazi, fimbo ya pistoni imeota kutu, na sili za silinda zimekuwa ngumu kama kwato.

Marehemu baba mkubwa alizoea kusema kwamba chombo kibovu ni mwalimu asiye na haraka. Mimi nilikuwa na haraka, nayo haikuwa ya kuni. Nina mwana wa miaka 15. Alizaliwa hapahapa. Anakielewa Kiswahili cha mezani na cha simu ya Ijumaa: shikamoo babu, nimeshiba, ahsante, usiku mwema. Ukimsemesha jambo jingine hujibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama mtu anayekurudishia chenji. Mimi ninayewaandikia kuhusu vina na mizani, ninayesahihisha ngeli za watu nisiowajua, nilishindwa kumfikisha mwanangu mwenyewe mbele ya lango la lugha yake. Hilo sikuwahi kuliandika hapa. Nililionea haya.

Siku ya kwanza alikuja bandani kwa udadisi. Nikampa daftari, nikamwambia aandike jina la kila kitu tunachokifungua, kwa Kiswahili, na mahali kilipokaa. Hakukataa. Tukaanza: nati, bolti, spana, jiriwa, tupa, mtaimbo. Mengine niliyajua, mengine ilinibidi nimpigie simu baba yangu Tanga. Baba alikuwa fundi katika shamba la mkonge, akihudumia mashine ya kusinga ambayo wafanyakazi wote waliiita korona. Nilimwelezea lile pembe la chuma linalopasua gogo, nikikitafuta kitu cha kukiita. Aliguna.

"Mwanangu, umesoma mpaka ukavuka bahari, nawe hujui kabari?"

Nililijua, ila nilikuwa nimelisahau hadi aliponirudishia. Mwanangu akaliandika kwa herufi kubwa.

Tulipoyamwaga mafuta ya zamani, hayakuwa na rangi ya mafuta. Yalikuwa meupe, mazito, kama tui la kwanza la nazi. Hiyo ndiyo alama ya maji yaliyochanganyika na mafuta: tangi linapopata joto na baridi mwaka baada ya mwaka, unyevu wa hewa huganda ndani yake na kudondoka. Mafuta ya namna hiyo huila pampu polepole. Yote yalitoka, tangi likasafishwa, chujio likawa jipya, nayo yale machafu tukayapeleka yanakopokelewa. Mwanangu aliuliza tui ni nini. Nikashangaa. Amelila tangu ameota meno, katika wali na samaki, lakini hakuwahi kupewa jina lake. Likaingia daftarini, baina ya tangi na vali.

Kuing'arisha fimbo ya pistoni kulituchukua siku tatu. Kutu ikibaki hata chembe itazikwangua sili mpya, na mafuta yatavuja tena. Tulisugua kwa msasa laini uliolowanishwa mafuta, taratibu, kwa kuizunguka fimbo. Hapo nikapata nafasi ya kumweleza kwamba msasa ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi: mti wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo maseremala wa pwani waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipofika ilirithi jina la jani. Alikisugua kidole chake juu ya ile karatasi, akatabasamu. Nikadhani nimeshinda.

Jioni moja nilimwandikia neno ambalo mafundi wa Gerezani hawalitumii, kwa kuwa wao husema presha. Vitabu vyetu vya fizikia huliita jambo hilo kanieneo. Nikamwambia alikate katikati: kani, na eneo. Hesabu yote imo ndani ya neno. Ukijua kanieneo na ukijua eneo, zidisha, utaipata kani. Silinda yetu ina kipenyo cha inchi 4, yaani eneo la inchi za mraba 12.6 hivi. Mafuta yakisukumwa kwa pauni 2,500 kwa kila inchi ya mraba, gogo husukumwa kwa pauni zaidi ya 31,000, sawa na uzito wa tani 14. Mfaransa Blaise Pascal aliifafanua kanuni hiyo katika karne ya 17, na Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza ya shinikizo lake la majimaji mwaka 1795. Lakini jina linalojieleza lenyewe ni letu. Mwanangu aliirudia hesabu mara mbili, akasema, kwa Kiswahili, "Tani kumi na nne. Kwa mafuta tu." Usiku ule nililala kama mtu aliyelipwa deni.

Daftari lilifikia majina 94. Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuja kutusaidia kuzikaza sili, akacheka alipotusikia tukisema tunachanja kuni. Kwao, alisema, kuni wanazipasula. Tukaliandika na hilo. Nikaeleza kwamba kuchanja ni pia kuipasua ngozi ili dawa iingie, na ndiyo asili ya chanjo. Niliona fahari. Tazama, nilijiambia, lugha inarudi kipande kwa kipande kama mashine hii.

Katikati ya Novemba tukaiwasha. Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikanguruma. Tukaipeleka pistoni mbele na nyuma bila gogo, mara kumi na zaidi, ili hewa iliyobaki itoke na mafuta yaache kutoa povu. Mwendo ukawa laini. Tukaweka gogo la kwanza, likapasuka kwa mlio mkavu. Tukaweka la pili, lililokuwa na fundo kubwa kama kichwa cha mtoto.

Pampu ya mashine kama hii ina hatua mbili. Gogo likiwa jepesi, husukuma mafuta mengi kwa kanieneo ndogo, na pistoni huenda mbio. Likikaidi, hupunguza mafuta na kuongeza kanieneo. Mwendo hupungua, nguvu huzidi, sauti ya injini hubadilika. Fundo lile lilikaidi. Injini ikaguna. Na pale mpira mpya ulipoungana na vali, nikauona unyuzi mwembamba wa mafuta, kama moshi wa ubani.

Mwanangu aliuona pia. Akaunyoosha mkono kupapasa ulikotokea.

Mafuta yanayochuruzika kwa kanieneo ya namna ile hayalowanishi ngozi. Huichoma na kuingia ndani yake kama sindano. Jeraha huonekana dogo, kama alama ya mwiba, na mtu huenda akalipuuza, kumbe kinachohitajika ni daktari wa upasuaji mara moja, asije akapoteza kidole au mkono. Mimi nililijua hilo. Yeye sikuwa nimemwambia.

Nikapaza sauti: "Kaa mbali!"

Akabaki palepale, mkono umenyooshwa, akinitazama.

Niliuachia mkono wa vali na kuizima injini. Sijui ni nini kilichotangulia. Mkono wake ulikuwa umebakiza shibiri moja kuufikia ule unyuzi. Hakuumia. Nilimkamata kiganja, nikakigeuza huku na huku kama mnunuzi wa embe, nikitafuta tundu ambalo halikuwapo.

"Kwa nini hukuondoka?" nilimuuliza.

Alinijibu kwa Kiingereza, midomo ikimtetemeka, kwamba aliniona nikipiga kelele, akasikia neno moja tu katikati ya ule mngurumo. Kaa. Na kaa, nyumbani kwetu, maana yake ni kutulia ulipo: kaa chini, kaa vizuri, kaa hapo umalize chakula. Basi akakaa. Alikuwa ametii.

Wasomaji wangu, nimeandika humu zaidi ya mara moja juu ya utajiri wa neno lenye maana nyingi. Nimelisifu neno kaa lenyewe: kaa la moto, kaa wa pwani, kaa ya kuketi, kaa ya kuishi, na kaa ya kujitenga ikipata wa kuifuata. Siku ile utajiri huo ulikuwa nusura uniponze mwana. Yeye hakukosea. Nilikuwa nimempa maana moja, ya mezani, halafu nikamdai nyingine katika hatari.

Nilimpigia baba usiku, nikamsimulia yote, hata yale ya aibu. Alinyamaza muda, nikisikia feni yake ikizunguka. Kisha akasema:

"Pale korona hatukumwajiri mtu kwa kuwa anajua majina ya vyuma. Tulimwajiri anayesikia. Siku ya kwanza nilikuwa nambiwa simama, nasimama, achia, naachia, rudi nyuma, narudi. Kutwa nzima, mashine imezimwa. Majina yalikuja baadaye, yenyewe. Wewe umeanzia mwisho."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilimwandalia mwanangu kamusi nikadhani nimempa lugha. Majina 94, na hakuna hata kitenzi kimoja ambacho mwili wake ungekitii kabla akili haijafikiri. Nilifanya hivyo kwa sababu majina ndiyo ninayoyapenda. Ni rahisi kuyaonyesha, kuyasifu, kuyaandika humu. Vitenzi vinataka watu wawili wanaofanya jambo moja.

Tukaanza upya. Kiungo kilichovuja tulikifungua, tukakifunga vizuri, na tangu hapo uvujaji tunautafuta kwa kipande cha boksi, si kwa mkono. Kwa siku mbili, mashine imezimwa na theluji ya kwanza ikidondoka, tulifanya zoezi kama watoto wa chuoni. Toa mkono. Simama. Achia. Rudisha. Zima. Rudi nyuma. Mimi nikisema, yeye akitenda. Kisha yeye akisema, mimi nikitenda. Zamu yake ilinifundisha zaidi. Aliponiambia "Rudi nyuma, baba," kwa sauti ya mtu asiyeomba, nilirudi nyuma.

"Kaa mbali" tumeiacha. Labda itarudi siku nyingine.

Kuni za bibi jirani zimekwisha kuchanjwa na kupangwa. Zetu bado nusu. Mwanangu hajawa malenga, na mezani bado hunirudishia chenji kwa Kiingereza. Lakini bandani, injini ikiwaka, husema Kiswahili, kifupi na cha amri, na hajui kwamba anasema. Ijumaa iliyopita baba alitaka kuisikia mashine, nikaishika simu karibu nayo. Alisikiliza gogo moja likipasuka, la pili, la tatu. Kisha akasema, "Mwambie huyo mtani wangu pampu yake inalia njaa. Atazame mafuta." Tukatazama. Yalikuwa yamepungua kweli.

Ubeti huu niliutunga nikirudisha turubai juu ya mashine. Mwenye kuweza kuuendeleza na aendeleze:

Chuma kilisinzia tu, leo kinavuma tena,
Si cha baba wala chetu, ila kwacho twakutana,
Neno lisilo na kitu, kitu kisicho na jina,
Vyote huliwa na kutu, viachwapo kutengana.