Mto Usio na Watu

Yako masinema ambayo kila mtu huyasifu hata asiyeyaona. Mojawapo ni ile iitwayo The African Queen, ya mwaka 1951, ambayo mwigizaji wake Humphrey Bogart alipewa kwayo tuzo kuu ya Marekani. Nami nalitamani sana kuiona, kwa kuwa hadithi yake ni ya nchi yetu hii, wakati wa Wajerumani, mwaka 1914.

Basi mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Mhunze, afanyaye kazi katika machimbo ya dhahabu huko Geita, alikuja likizo na kompyuta yake pamoja na mashine ya kutupia picha ukutani. Twalitundika shuka nyeupe, majirani wakaja na mikeka.

Nalianza kuikataa tangu mwanzo. Mmisionari anaimba, dada yake Rose anapiga kinanda, na kanisa zima la wanakijiji linanung'unika ovyo kama nyuki waliochokozwa. Nimefundisha nyimbo miaka ishirini na mitatu, wala sijaona bado mtaa wa Wasukuma usioweza kushika sauti. Kosa letu ni kushika sauti nyingi mno, na kurefusha.

Kisha askari wanazitia nyumba moto, wanawafukuza watu, na mmisionari anakufa. Rose na fundi Charlie wanashuka mto kwa mashua ya moshi ili kwenda kuizamisha manowari ya Wajerumani ziwani. Yule kijana akacheka: "Mwalimu, masanduku yale ni baruti, naye anachochea moto wa boila kando yake! Kwetu angefukuzwa kazi kabla ya chai." Mimi nami nikasema kwamba mto wenyewe wauita Ulanga, na Ulanga tuujuao huingia Rufiji, nayo Rufiji huingia baharini, si ziwani. Hata mwisho, wawili hao wamekwisha kutiwa kitanzi shingoni, mara manowari inaigonga mashua yao iliyopinduka na dhoruba, inalipuka! Watu wakapiga makofi. Nami nikasema, "Uongo mtupu."

Bibi mmoja mzee hakucheka wala kupiga makofi. Akaniuliza, "Na wale waliochomewa nyumba, mwanangu, wamekwenda wapi?"

Nikamjibu kwamba sinema haikusema.

Swali lile lilininyima usingizi, nikatafuta habari za kweli. Kumbe manowari ile ina mfano wake, Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Haikulipuka, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 yaitwa Liemba. Nao Waingereza walileta ziwani mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini, wakizivuta juu ya milima ya Kongo kwa ng'ombe na mitambo ya moshi, wenyeji wakikata miti na kujenga madaraja. Kama ningaliyaona hayo katika sinema, ningaliyakataa kuliko kitanzi.

Lakini swali la bibi halikujibiwa. Watu wawili wanasafiri siku nyingi juu ya mto ule wasikutane na mvuvi hata mmoja, wala mwanamke ateka maji. Vita ile ilibebwa vichwani mwa watu. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa kuwa mpagazi, akapelekwa upande wa Tabora, hakurudi. Na baba alikua akiambiwa tu kwamba yuko njiani. Hilo ndilo nisiloweza kuliamini katika sinema ile, nami sikuliona mpaka nilipoulizwa.

Bibi ameomba aione tena, sehemu ya mwanzo tu, na picha isimamishwe kila nyuso zionekanapo. Nalimweleza kwamba wale ni waigizaji, waliopigwa picha Uganda na Kongo. Akasema hayo ayajua. Atakuja Jumamosi, akimaliza kupura choroko.