Mwanga Niliouvunja

Usiku wa matanga ya babu kwetu Nyamira, stima ilipotea. Baba mdogo akaleta karabai. Alifunga utambi mpya, kile kifuko laini cha uzi, akauchoma kwanza mpaka uzi ukateketea. "Usiguse, kijana!" akanionya. Ati kugusa tu? Alipogeuka nikaugusa. Lo! Ukabomoka kama majivu, na mwingine hatukuwa nao. Tulimlilia babu katika giza totoro, nami nikawaomba wazee radhi.

Sababu niliielewa baadaye, katika somo la kemia hapa Kisii. Kifuko hicho hulowekwa katika chumvi za metali. Moto wa kwanza huunguza uzi na kugeuza chumvi kuwa oksidi, ambazo hustahimili joto kali lakini si kidole. Mwaka wa 1891, Carl Auer von Welsbach wa Austria alichanganya oksidi ya thoriamu 99% na ya seriamu 1%. Thoriamu pekee hutoa mwanga hafifu. Kumbe ile 1% ndiyo huing'arisha!

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu ni zima. Nilichovunja ni mwanga wa babu.