Guka na Herufi Kubwa

Jumapili moja baada ya ibada nilimpelekea Tata, dada yake mama, hadithi fupi niliyokuwa nimeiandikia diwani fulani. Tata ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Anaishi hapa hapa Gitothua, hatua chache kutoka kwangu, na ingawa aliacha kazi miaka mingi iliyopita, kalamu nyekundu hajaiweka chini. Nilikwenda nikitarajia sifa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanywa chai, akasoma wa pili, kisha akavua miwani.

"Maitu," akasema, "huyu mzungu umempa herufi kubwa kila mahali. Baba yangu hujampa hata moja."

"Lakini Tata, jina lake ni Karanja, na lina K kubwa."

"Hiyo K ni ya jina alilopewa alipozaliwa. Ya uzee wake iko wapi?"

Yafaa nikueleze, ndugu msomaji. Tata huniita maitu, yaani mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake mzazi kama ilivyo desturi yetu sisi Wagikuyu. Guka naye, alipokuwa hai, aliniita mke wake mbele ya wageni, akanipisha nitangulie mlangoni. Nilikuwa na umri wa miaka sita, kamasi zinanitoka! Mtu wa kwanza kunipa cheo maishani mwangu ni huyo mzee, na hadithi yenyewe ilikuwa imetokana na maisha yake katika mashamba ya kahawa ya Ruiru miaka ya 1950, kabla ya mengi kati ya mashamba hayo kung'olewa na kujengwa nyumba za kupangisha. Jina nilikuwa nimembadilishia, nikamfanya mpishi. Lakini Tata hakudanganyika.

Nilijitetea kwa kanuni nilizofundishwa chuoni. Cheo kikitangulia jina la mtu huanza kwa herufi kubwa: Mzee Kenyatta, Mwalimu Nyerere, Chifu Koinange. Kikisimama peke yake kama nomino ya kawaida, huandikwa kwa herufi ndogo: mzee aliingia, mwalimu akaketi, chifu akakohoa. "Bwana Mkubwa" nililipa herufi kubwa kwa sababu katika hadithi lilikuwa limegeuka kuwa jina la mwenye shamba. Hakuwa na jingine. Mkewe hali kadhalika alikuwa Memsahibu. Karanja aliitwa "boi", na "boi" ni nomino ya kawaida. Kisarufi sikuwa na kosa.

Tata akachukua kalamu, akahesabu. Bwana Mkubwa, mara 31. Memsahibu, mara 12. Karanja, mtu mwenye wajukuu, hakuitwa Mzee hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama upya jambo ambalo nilidhani ni la wahariri na watahini tu. Bila shaka makosa mengine yalikuwa ya wazi. Mathalan, kuna mahali nilipomfanya mhusika mmoja akumbuke ujana wake katika shamba la Juja, jirani zetu hapa, enzi za yule tajiri mzaliwa wa Marekani aliyempokea Theodore Roosevelt mwaka 1909. Nilimwandika "Lord McMillan" katika aya moja, na "Sir McMillan" katika aya iliyofuata. Yote mawili si sahihi. McMillan hakuwa Lord kama Delamere, ambaye aliurithi ubwana wake. Alitunukiwa cheo cha "Sir", na cheo hicho hushikana na jina la kwanza: huwa ni Sir Northrup McMillan au Sir Northrup, kamwe si Sir McMillan. Kwa mkewe mambo hugeuka. Yeye alikuwa Lady McMillan, kwa jina la mume, na ndiye aliyeacha ile maktaba ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya mumewe. Mumewe mwenyewe amezikwa katika mlima wa Kilimambogo, ambako nadhani hajali tunamwitaje.

Waingereza wana vituko na vyeo vyao. Denys Finch Hatton, yule mwindaji wa Ngong aliyependwa na Karen Blixen, aliandikiwa cheo ambacho Kiswahili chake ni Mheshimiwa, kwa sababu tu baba yake alikuwa mwinyi mkubwa huko Uingereza. Hapa kwetu mtu hupewa uheshimiwa kwa kupigiwa kura, na wengine huutafuta kwa unga na sukari.

Mwandishi anayevuka mipaka ana kazi zaidi. Ukimtaja mfalme wa Baganda aliye hai, andika Kabaka. Akifa huitwa Ssekabaka, na msomaji wa Kampala atakucheka ukikosea. Nabongo Mumia wa Wanga, aliyefariki mwaka 1949, hahitaji kuongezewa "Mfalme" mbele, maana Nabongo tayari ni cheo. Na huko pwani, ambako Liwali alisimama kwa niaba ya Sultani, neno "bibi" ni la heshima kwa mwanamke yeyote mtu mzima. Bara tukilisikia tunamwona nyanya mwenye mkongojo, au mke wa mtu.

Lakini lililonigusa zaidi ni vile vijineno vyetu vidogo. Daniel arap Moi. Ngũgĩ wa Thiong'o. Wangu wa Makeri, mwanamke aliyetawala sehemu za Weithaga mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu ni mwana wa nani, au mke wa nani, yote hayo yamebebwa na arap, na wa, na ole wa Wamaasai, na bin wa Waswahili, vyote kwa herufi ndogo, wala hakuna anayeona amedharauliwa. Aidha, Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa karne nyingi kwa hati za Kiarabu, ambazo hazina herufi kubwa kabisa. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, hakuwa na herufi kubwa ya kumpa mtu yeyote, si mume, si mtume. Heshima ilikaa katika neno lenyewe. "Mwana" hilo la mbele ya jina lake ni la heshima.

Nilimweleza Tata hayo yote, nikidhani nimejiokoa. Kama herufi kubwa ilikuja na Wazungu, basi mbona tugombane juu yake?

"Hati za Kiarabu hazina herufi kubwa ya mtu yeyote," akajibu. "Wewe unazo, na umezigawa."

Nilirudi nyumbani, nikakaa na hadithi yangu hadi usiku, matatu za Ruiru zikipiga honi huko nje. Polepole nikaona kosa lilipolala. Mzungu anapomwita Karanja "boi", hilo ni neno la mzungu, na sina haki ya kulisafisha, kwa maana ndivyo walivyoitwa. Karanja anapojibu "Ndiyo, Bwana Mkubwa", hayo ni maneno yake, na alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini baina ya mazungumzo hakuna mwingine anayesema ila mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeandika "Bwana Mkubwa akaketi kibarazani", mimi mjukuu, bila kulazimishwa na yeyote.

Nikabadilisha. Katika midomo ya wahusika sikugusa kitu. Katika masimulizi, Bwana Mkubwa akawa "yule mwenye shamba", na Karanja akawa Mzee Karanja tangu mstari wa kwanza.

Jumapili iliyofuata Tata alisoma tena, safari hii bila kalamu. Alipofika mwisho alinyamaza kitambo, kisha akaanza kucheka peke yake. Akaniambia kwamba Guka na wenzake hawakumwita yule mzungu Bwana Mkubwa ila alipokuwa anawasikia. Akiisha kuwapa mgongo, shamba zima lilimwita kwa jina la Kikuyu lenye maana ya Miguu Myembamba, kwa sababu ya kaptura zake.

"Na hilo, Tata, niliandikeje? Kwa herufi ndogo?"

"La hasha! Hilo walimpa watu, tena wakalikubali wote. Mwandikie kubwa zote mbili, M na M."